Hodi Kwenye Nyumba za Kadibodi

Uthiru,
Jumapili, baada ya ibada

Papa mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na ng'ombe wa Mayi amepona ile homa iliyomfanya asusie majani. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, na baridi ya Uthiru mwezi huu wa Julai imenifundisha kulala na soksi kama mgonjwa. Dada Rachael, ambaye bado ananihifadhi kwake, anawasalimu nyote na anasema zile ndizi mlizotuma ziliiva zote kwa pamoja, ikabidi tugawie ploti nzima.

Barua hii inaletwa na Millicent, binti wa shangazi, anayekuja nyumbani kwa harusi. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jambo zito huandikwa, ili msomaji aweze kulirudia akiwa ametulia. Jambo lenyewe ni ile kazi yangu ya Dagoretti Corner. Kila ukipiga simu unaniuliza inaendeleaje, nami nakujibu kwamba nitaeleza. Sasa naeleza. Ninakuomba tu usirukie mwisho kama unavyofanya na gazeti. Ukianza na mwisho utanikasirikia bila kujua sababu, na mimi ningependa, ukikasirika, uwe na sababu zote mkononi.

Nianze na kitu ambacho sijawahi kukuambia. Papa, mimi hucheza vita. Kama umesimama, keti, na kama umeketi, usisimame. Najua umekuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, watu wasioshika silaha, tangu utotoni, na najua ulivyotulea. Sijasahau siku kaka Wesonga alipochonga bunduki ya mti, ukaichukua bila kusema neno ukaisukuma chini ya sufuria, tukala maharagwe yaliyoivishwa na bunduki. Vita ninavyocheza mimi ni vya mezani. Hakuna kinachoumia isipokuwa mgongo, kwa kuinama sana.

Tuna klabu yetu katikati ya mji, orofa ya juu kabisa ya jengo moja karibu na River Road, nyuma ya chumba cha fundi wa nguo. Mwenyeji wetu ni Ajwang, ambaye siku za kazi hurekebisha simu za watu na Jumamosi huwa refa wetu, na akishakuwa refa hana urafiki na mtu. Juu ya meza tulizounganisha tumejenga mji wa kadibodi. Una maduka, una ploti za kupanga zenye korido ndefu na vyoo mwisho wa korido, una matangi ya maji juu ya paa, na una hata kamba za kuanikia nguo nilizozitengeneza mwenyewe kwa uzi wa fundi. Wanajeshi ni wa plastiki, wafupi kuliko kidole. Kila mchezaji hungoja zamu yake, hupima mwendo kwa utepe wa cherehani, na dadu huamua nani amepigwa na nani amepona. Mchezo tunaoupenda kuliko yote tunauita kusafisha jengo, yaani kuingia chumba baada ya chumba mpaka pasibaki adui ndani. Mmoja analinda, mwingine anasafisha.

Na kwa kusafisha majengo, Papa, sina mpinzani katika Nairobi hii. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli, na wewe hupendi mtoto anayejifanya mnyenyekevu.

Acha nikueleze kidogo, maana usipoelewa mchezo hutaelewa yaliyofuata. Mgeni hukimbilia mlango wa mbele. Huyo hufia barabarani kabla hajaona hata kizingiti, kwa sababu mlango wa mbele ndio kila mlinzi anaoutazama. Anayejua kazi hutandaza moshi kwanza, sisi tunatumia pamba, kisha anavuka ndani ya moshi, na akipata nafasi anaingilia juu, paani. Ukisafisha kutoka chini unamsukuma adui kwenda mahali pasipo na njia ya kutoka, na mtu wa namna hiyo hupigana mpaka dadu zinachoka. Ukishuka kutoka juu unamwachia mlango, naye anautumia, kazi inakuwa nyepesi. Usisimame katikati ya mlango, maana mwanga wa nyuma unakuonyesha mwili mzima. Usiache chumba ulichokisafisha bila mtu, kitajaa tena mgongoni pako. Na jambo ambalo vijana wa klabu walichelewa sana kulielewa ni ngazi. Unaweza kuwa na vyumba vyote vya juu na vyote vya chini, lakini adui akikalia ngazi, jengo si lako. Mimi hutuma watu kwenye ngazi kabla sijagusa chumba hata kimoja.

Pamoja na ujuzi huo wote, mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nashindwa vibaya, na lawama ni zako wewe na Mayi. Katikati ya meza tunaweka pazia la kadibodi. Mlinzi hawaoni wanajeshi wako walio ndani ya jengo. Ni Ajwang peke yake anayeona pande zote, na hutuambia tu kile ambacho askari wetu wangekisikia au kukiona. Basi kila nilipofikisha mwanajeshi wangu kwenye mlango, mdomo wangu ulisema hodi. Sikujua kwamba nasema. Nimelelewa katika nyumba ambayo hata jikoni kwa bibi yetu Kukhu hatukuingia bila hodi, na ulimi ulikwenda wenyewe. Upande wa pili wa pazia mara nyingi alikaa Ndambuki, karani wa serikali kutoka Machakos, mtu asiyepitwa na kitu. Akisikia hodi, akiangalia na bega langu limeinamia upande gani, tayari anajua niko mlango upi, anarusha guruneti. Wanajeshi wangu walikufa na adabu zao. Wakanibandika jina la Sista Hodi, likanikaa.

Nilijaribu kila dawa. Nilinyonya peremende, nilitafuna mahindi ya kuchoma, nilifunga mdomo kwa leso mpaka fundi wa nguo akauliza kama naumwa jino. Haikusaidia. Mwishowe nikaacha kupigana na ulimi wangu, nikaupa kazi. Nilikuwa nikiinamia kushoto, nasema hodi kwa sauti yangu ile ile ya heshima, na wakati Ndambuki anahamisha watu wake wote kwenda kushoto, wanajeshi wangu wanashuka kutoka paani kulia, wanapita kati ya kamba za nguo, wanakamata ngazi. Mara nyingine hodi ilikuwa ya kweli, ili asizoee. Katika fainali ya mwezi wa Aprili alichanganyikiwa kiasi kwamba alirusha guruneti kwenye choo kitupu huku mimi nimeketi katikati ya jengo lake. Ajwang akatangaza kwamba jengo limesafishwa. Ndambuki alinipa mkono kiungwana, akaninunulia chai na mandazi, akasema hajawahi kuona mtu anayepiga vita kwa heshima namna hiyo.

Siku hiyo alikuwa amekuja na jamaa wa kwao anayeitwa Bwana Kitheka, mtu mzima, suti ya kijivu, ambaye alitazama mchezo wote bila kunywa hata maji. Baadaye alinivuta kando akaniuliza maswali mengi kuhusu ngazi, kuhusu paa, na hasa kuhusu hodi. Akajitambulisha kuwa msimamizi wa mafunzo katika kampuni moja ya ulinzi. Alieleza kwamba walinzi wake huitwa mara kwa mara kwenye majengo yaliyoingiwa na wezi, na hawajui kuyapekua bila kuhatarisha maisha yao. Akasema anahitaji mtu mwenye kichwa kama changu.

Ndiyo ile kazi niliyowapigia simu nikilia kwa furaha, Mayi akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Unajua nilivyohangaika tangu nimalize chuo, leo kuandika hesabu za duka la mtu, kesho kugawa vikaratasi vya matangazo pale kituo cha basi cha Kencom. Hapa nilipewa meza, nikapewa sare yenye jina langu kifuani, na nikaahidiwa kwamba miezi ya majaribio ikiisha nitatia sahihi ya kudumu, na matibabu yenu wewe na Mayi yataingia humo. Hilo la matibabu ndilo lililonifanya nisilale usiku wa kwanza, nikiwaza goti lako.

Kiwanja cha mafunzo kiko nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, hapo Dagoretti Corner. Ni ghala la zamani ambalo wamelikata vyumba kwa mbao na turubai. Vijana walinidharau asubuhi ya kwanza, na kufikia chakula cha mchana walikuwa wananiita mwalimu. Niliwafundisha kutosimama mlangoni. Niliwafundisha kona, niliwafundisha paa, niliwafundisha kupanda ngazi mmoja akitazama juu na mwingine akitazama nyuma. Papa, nilikuwa mwalimu mzuri. Nilitembea kwenye ghala lile kifua mbele, na ningependa ungeniona.

Bwana Kitheka alitaka hasa wajifunze hodi. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Ochola, kijana mrefu wa Siaya anayeimba kwenye kwaya, mwenye sauti ambayo hata mbwa angeifungulia. Alikuwa akisimama pembeni ya mlango wa mbao na kusema, “Hodi mathe, ni mimi wa hapo chini, naomba tu chumvi kidogo.” Mwenzake aliyekuwa anaigiza mtu wa ndani akifungua tu, mlango unazuiwa kwa mguu, wawili wanaingia, na jamaa yuko chini. Wote walicheka, nami nilicheka nao. Nilimsahihisha Ochola kwamba asiharakishe; baada ya hodi avute pumzi, aguse mlango taratibu, kama mtu aliyezoea kuazima. Nilipaswa kujiuliza ni mwizi gani, aliyejificha katika jengo la watu, ambaye angefungua mlango ampe mtu chumvi. Sikujiuliza. Nilikuwa nafurahia kazi.

Miezi ya majaribio ilipokaribia kuisha, Bwana Kitheka aliniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na mkataba wangu wa kudumu, na pembeni yake mchoro wa jengo. Alisema hii ni kazi ya kweli ya kwanza, jengo la kupanga huko Kangemi, mwendo mfupi kutoka sokoni, na anataka nimpangie jinsi ya kulisafisha kama ninavyofanya mezani. Nilishika penseli kwa raha. Nikamwonyesha ploti ya jirani ambayo paa lake karibu ligusane na la jengo hilo, vijana wavukie hapo. Nikaweka watu kwenye ngazi. Nikaweka hodi upande wa kushoto wa kila korido. Kisha nikauliza swali ambalo kwenye klabu yetu lazima refa alijibu kabla dadu ya kwanza haijarushwa, yaani ndani kuna nani.

Akajibu bila kuficha, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ndani kuna wapangaji. Mwenye ploti alifariki, watoto wake wakauza, na aliyenunua anataka kubomoa. Wapangaji wamekwenda kushtaki na wamepewa siku ya kusikilizwa, lakini mnunuzi hataki kungoja siku hiyo. Kwa hiyo vijana wataingia kesho kutwa asubuhi, wanaume wakiwa vibaruani na nyumba zimebaki na kina mama. Milango ifunguliwe kwa hodi, vitu vitolewe nje, na kabla ya mchana jengo liwe tupu. Nadhani uso wangu ulibadilika, maana aliweka kalamu juu ya mkataba akaniambia kwa upole kabisa, “Hakuna mtu ataumia, Nasimiyu. Si ndio maana tunatumia hodi, badala ya kuvunja mlango?”

Sitakudanganya kwamba nilisimama hapo hapo nikahubiri. Niliutazama ule mkataba, nikaliona goti lako ndani yake. Nikamwambia kwamba siwezi kumaliza mpango bila kuliona jengo kwa macho. Akanisifu kwa umakini wangu, akasema sahihi itangoja mpaka kesho kutwa.

Kesho yake nilikwenda Kangemi. Nilijiambia kwamba naenda kukagua tu, na ukweli ni kwamba sikujua naenda kufanya nini. Jengo ni kama yale ya kadibodi yetu, korido ndefu, vyoo mwisho, nguo juu ya paa. Nikasimama kwenye mlango wa kwanza, pembeni kama ninavyofundisha, nikasema hodi. Alifungua mama mmoja anayeitwa Kasiva, mikono imejaa unga wa chapati, akasema karibu kabla hajaniona uso. Nikamwambia nimepotea mlango. Nikaenda wa pili, nao ukafunguliwa. Mzee mmoja fundi wa viatu alifungua akiwa na kiatu mkononi, akanisogezea kigoda, ndipo akaniuliza jina. Mama mwingine alipiga kelele tu kutoka kitandani kwamba niingie, mlango haujafungwa. Nilipita orofa zote. Papa, hakuna hata mmoja aliyeuliza nani. Nilifika juu kwenye kamba za nguo nikakaa chini, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona kitu ambacho Bwana Kitheka alikuwa anakinunua kwangu.

Nikashuka tena kwa Kasiva. Nikamwomba aite majirani, nikawaambia kila kitu, kwamba vijana wanakuja, kwamba watavukia paani, kwamba watabisha kwa adabu. Nikawaambia na kwamba hodi hiyo ni yangu, mimi ndiye niliyeivumbua na kuifundisha. Mama mmoja akaniuliza nimekula pesa za watu hao tangu lini. Kasiva alikuwa bado anasukuma chapati. Hakuinua macho. Akasema, “Basi sisi pia tufunze.”

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike, nawe kama kawaida yako labda ulishalisoma kabla ya haya yote. Kazi sina tena. Sikufukuzwa na wala sikuacha kwa kuandika barua ya heshima. Asubuhi ambayo vijana wa Bwana Kitheka walikuja Kangemi, mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya jengo lile, sufuria ya viazi katikati ya miguu, namenya.

Ndiyo, Papa, nililinda jengo, na nililinda bila jiwe wala rungu. Nilikumbuka tu kwamba anayekaa kwenye ngazi ndiye mwenye jengo, nikawaambia kina mama kazi zao zote za asubuhi wazilete pale. Kila kidato cha ngazi kilikuwa na mtu, kutoka mlango wa chini mpaka paani. Mmoja anakata sukuma wiki, mwingine anasukwa nywele, mwingine anachambua mchele, na yule mzee wa viatu ameshusha kiwanda chake chote akafunga kidato kizima kwa gundi na misumari. Juu tulijaza kamba kwa blanketi zilizolowa maji, na bibi wazee wakaketi katikati yake kuota jua, ili anayevuka kutoka paa la jirani amwangukie bibi miguuni. Niliwakataza matusi. Nilisema mtu akifika, asisukumwe wala asijibiwe kwa hasira, ila asipishwe. Tulikaa kimya kama mnavyokaa kanisani kabla ya mahubiri, na nilishangaa kwamba ninajua kukaa hivyo.

Walifuata mpango wangu hatua kwa hatua, na nakiri kwamba niliona fahari kidogo kuutazama. Waliovukia paani walisimama mbele ya bibi na blanketi wakakosa la kufanya. Ochola na wenzake wawili walipenya kwa dirisha la korido ya kwanza, na nikaisikia ile sauti ya kwaya ikisema hodi mathe, kisha mkono ukigusa mlango taratibu, kama nilivyomfundisha. Ndani mama aliyebaki na watoto akauliza nani, kama nilivyowafunza. Akasema wa hapo chini. Akaulizwa jina la mtoto wa Kasiva. Akahamia mlango mwingine, akaulizwa swali lile lile. Korido nzima hakuna kitasa kilichogeuka. Ochola aliposhuka na kunikuta kwenye ngazi, alivua kofia, akanisalimia, “Mwalimu,” akatoka nje akakaa kwenye gari.

Bwana Kitheka alikuja mwenyewe. Alisimama chini ya kidato changu, viatu vyake vimeguswa na maganda ya viazi, akaniuliza, “Nasimiyu, wewe uko upande gani?” Nikamwambia, “Niko hapa kwa ngazi, Bwana Kitheka.” Akasema nimejiharibia maisha, na kwamba hakuna kampuni katika mji huu itakayoniandika akishazungumza nao. Huenda ni kweli. Waliondoka kabla viazi havijaisha. Siku ya kesi ilipofika wapangaji walisikilizwa, na mnunuzi akaambiwa asiguse mtu mpaka shauri liishe. Bado wamo ndani.

Sijuti kuhusu kazi, Papa. Naumia juu ya goti lako, na nitatafuta njia nyingine ya kulitibu, nami huwa napata njia. Rachael amenigombeza siku mbili na sasa ameanza kucheka. Ndambuki hajazungumza na jamaa yake tangu siku hiyo. Ajwang ananiamini mpaka ameniachia kaunta yake ya simu nijaribu mkono. Mimi si mtu wa kulala njaa mji huu.

Kuna jambo moja tu linaloniuma, na ndilo hasa nilitaka ulijue kutoka kwangu. Wiki iliyopita nilikwenda kumtembelea Kasiva, nimebeba maziwa, nikasimama mlangoni kwake nikasema hodi. Ndani redio ilizimwa. Nikasikia watoto wananyamazishwa. Halafu kimya, Papa, kimya cha watu wanaopumua nyuma ya mlango. Nikasema tena. Sauti yake ikauliza nani, nikasema Nasimiyu, akaniuliza siku ile ya ngazi nilikuwa namenya nini. Nikasema viazi. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho, kisha ukafunguka wote, na akanikumbatia, na tukanywa chai. Lakini kwenye korido ile hakuna tena anayesema karibu kabla ya kuona uso. Nilipita nikibisha kila mlango kuwajulia hali, na kila mlango uliniuliza maswali. Wako salama na mimi ndiye niliyewafanya hivyo. Nililia nikirudi, na ningefanya vile vile tena kesho.

Wewe umefungua mlango wako maisha yako yote kwa neno hilo moja. Mimi nimewafundisha watu wa jengo zima kutoliamini. Sijui Kanisa la Marafiki linasema nini juu ya hilo, na Mayi sitaki umsomee sehemu hiyo mpaka uwe umeifikiria wewe kwanza. Niambie ulichofikiria, kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni kunigombeza. Millicent atarudi baada ya harusi na anaweza kuibeba.

Msalimie Mayi, mwambie sare yenye jina langu nimeikata vitambaa vya jikoni na ni vizuri sana. Msalimie Kukhu, msalimie Wesonga na mkewe. Mungu awalinde nyote mpaka tutakapoonana.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nasimiyu